Mstari wa Saluti

Mimi ni mfupi. Nalisema mapema kwa sababu bila ufupi wangu picha ile isingepigwa vile ilivyopigwa. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba akinitafuta sokoni Tororo hutazama magunia kwanza, kisha watu. Nilikuwa mfupi, na nilikuwa mke mkubwa, na katika Kiswahili chetu mambo hayo mawili hayagombani. Mke mkubwa ni yule aliyeolewa kwanza, hata kama hafiki begani mwa mtu. Anayekuja nyuma yake ni mke mdogo, hata kama anainama kuingia mlangoni.

Yule wa Busia alikuwa anainama kuingia mlangoni. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, mzito wa kutembea, na kila nilipomwona nilihisi mtu kanikalia kiti changu. Sitaficha. Nilimwonea wivu tangu siku niliposikia habari zake, na ninamwonea hadi leo ninapoandika, ingawa yeye na mume wetu wote wametangulia mbele ya haki.

Mume wetu alikuwa sajini wa polisi wakati wa Waingereza. Kwetu tulikuwa watu wa mji, Waislamu, mchanganyiko wa makabila ambao hata bibi yangu alishindwa kuupanga sawasawa, na baba alikuwa na lori la kubeba pamba. Aliniozesha kwa askari kijana, nikahamia laini za polisi pale Tororo, kwenye vyumba vilivyobanana chini ya mwamba. Jirani akikohoa ulimpa pole bila kutoka nje.

Maisha ya mke wa askari siku zile yalikuwa pasi. Jumamosi kulikuwa na gwaride. Afisa alipita akitazama vifungo, mkanda, tarbushi na mistari ya nguo, na waliokuwa wakikaguliwa kwa kweli ni sisi wanawake. Askari akikemewa kwa nguo mbovu, mkewe alijua mchana ule ule, pengine kwa maneno, pengine kwa kofi. Tulichemsha kanji ya muhogo, tukachovya kaki, tukaanika, kisha tukapiga pasi ya makaa mpaka shati likaweza kusimama lenyewe. Mstari wa mkono, wanawake wote waliupiga kwa njia moja, kutoka begani, wima, hadi kwenye kiganja.

Mimi niliona jambo ambalo wenzangu hawakuliona. Askari hatazamwi sana mkono ukiwa umening'inia. Anatazamwa anapopiga saluti. Na mkono ukiinuliwa, kitambaa kinajizungusha, ule mstari ulionyooka unakimbilia nyuma ya kiwiko. Basi siku moja nilimwambia mume wangu avae koti la gwaride, asimame katikati ya chumba, anipigie saluti. Alicheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akasimama, akabana visigino, akainua mkono, akanitazama usoni bila kupepesa macho. Nikapanda juu ya kigoda, nikachora mstari kwa kipande cha sabuni kutoka begani hadi upande wa kidole kidogo, huku mkono ukiwa juu. Nilipopiga pasi nikaufuata huo.

Mkono ukishuka, mstari wangu ulionekana umepinda kuelekea kifuani, na mtu asiyejua angesema mke wa huyu hana kazi. Mkono ukipanda, ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Jumamosi ile afisa alimtoa mbele ili wenzake wamtazame.

Sisi wawili tuliuita mstari wa saluti. Kila alipopewa koti jipya kutoka stoo alisimama chumbani akanipigia saluti, na mimi nikapanda kigoda na sabuni yangu. Hakuna mwanamke mwingine katika laini zile aliyepigiwa saluti na mumewe. Nilikuwa nikienda bombani kuchota maji nimenyoosha shingo, mfupi hivyo hivyo, na wenzangu hawakujua ninaringia nini.

Kisha wakampeleka Busia, kwenye kituo cha mpakani. Mimi nilibaki Tororo kwa sababu mama yangu alikuwa mgonjwa na watoto walikuwa chuoni wakisoma Kurani. Alikuja kila alipopata ruhusa. Halafu akaja na kilo za samaki wa kukausha na uso wa mtu mwenye jambo, na kabla hajafungua mdomo nilijua. Alikuwa ameoa binti wa Kisamia, mkulima, aliyesilimu kwa ajili yake. Hakuvunja sheria yoyote, na mimi sikuwa na la kusema, kwa hiyo nilisema mengi.

Tangu hapo siku zake ziligawanyika. Nilihesabu haki yangu kama mwanamke yeyote anavyohesabu, na haikunitosha. Lakini nilijiliwaza na jambo moja. Nilijiambia, huko Busia ana mwanamke wa kumpikia na kumlalia, ila saluti ni yangu. Hilo halijavuka.

Alifia Busia. Ilikuwa homa, na zilikuwa siku za zamu ya kule. Habari ilipofika, baba alinipakia kwenye lori, tukakuta mvua imepandisha mto juu ya daraja, tukasubiri maji yashuke. Nilipofika walikuwa wameshamzika, kama dini yetu inavyotaka, na udongo wa kaburi ulikuwa umepigwa na mvua ukatulia kana kwamba alikuwa amelala hapo siku nyingi. Yule mke mdogo ndiye aliyemfumba macho. Yeye ndiye aliyemtilia maji mdomoni. Alinishika bega kunipa pole na ilimbidi ainame, na mimi nikautoa mkono wake. Tarbushi na mkanda wake wa zamani vilikuwa kwangu Tororo. Koti lake la gwaride lilibaki Busia, na sikuliomba, maana kuomba ni kukubali kwamba ni la mwenzio.

Miaka ikapita. Maneno ya uhuru yakaanza kusikika hata kwenye foleni ya chumvi. Polisi nao walikuwa wakibadilishiwa mavazi, na vitu vya zamani vilikuwa vikichomwa moto nyuma ya stoo. Afisa mmoja Mwingereza, mtu mwembamba aliyekuwa karibu kustaafu, alikuta rundo la tarbushi likiungua, akaamuru maji yamwagwe. Alisema historia ya polisi wa Tororo isigeuzwe majivu. Akatoa chumba kilichokuwa cha kuwekea baiskeli, akamwita koplo mstaafu kutoka Mulanda, akamwambia atafute watu wa kujitolea, askari wa zamani na wajane wa askari, walete walivyo navyo, wavisafishe na waeleze vilikuwa vya nini.

Chumba hicho kilipewa jina la Kiingereza. Sisi tulikiita chumba cha marehemu. Tulikutana kila Alhamisi baada ya adhuhuri. Wazee walitoka Kiyeyi na Mella kwa baiskeli, mmoja na rungu lililoliwa na mchwa, mwingine na taa ya lindo yenye kioo cheusi kwa moshi, mwingine na pingu ambazo ufunguo wake ulipotea, na alituonya tusijaribu. Wanawake tulisugua shaba kwa majivu na limau. Chai ilitoka kwa afisa na mandazi tulileta wenyewe. Ilikuwa kazi ya bure na niliipenda kuliko kazi zote nilizowahi kufanya, kwa sababu wakati wote nilikuwa natazama kona moja karibu na dirisha. Hapo afisa alikuwa ameamua kusimamishwa mtu wa mti, aliyetengenezwa na seremala, avikwe mavazi kamili ya sajini wa zamani. Nilitaka awe mume wangu. Nilitaka watu waingie mlangoni wamwone yeye kwanza, na waulize mke wake nani, na waonyeshwe mimi.

Nilileta tarbushi na mkanda. Afisa alifurahi, akamkubali mume wangu awe sajini wa pale konani. Kisha akauliza koti liko wapi.

Koplo wa Mulanda alimpelekea habari yule wa Busia. Mimi nilisali lisipatikane, liwe limeliwa na panya. Alhamisi iliyofuata aliingia, ameinama mlangoni kama kawaida yake, na bunda la kitambaa cheupe mikononi. Akanisalimu, shikamoo dada. Nikamjibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akafungua bunda juu ya meza.

Koti lilikuwa safi, limetiwa kanji, limepigwa pasi. Na kwenye mkono wa kulia, kutoka begani, mstari ulipinda kuelekea kifuani.

Sijui kama nimewahi kuumia vile, hata kaburini. Kaburini nilikuwa na huzuni ya kunishika. Hapa nilikuwa na wivu mtupu, wa kunifanya masikio yavume. Maana mstari ule haupatikani kwa kubahatisha. Lazima mkono uwe juu. Lazima mwanaume asimame, abane visigino, akutazame. Kwa hiyo alisimama Busia pia. Alimwinulia mkono huyu naye, na huyu hakuhitaji hata kigoda. Nilisugua bizimu la mkanda mpaka koplo akanishika mkono, akasema shaba itaisha.

Sikumsemesha yule mwanamke mchana wote. Alipokuja kukaa upande wangu nilihamia kwenye pingu. Aliponipa andazi nilisema nimefunga, na mdomo wangu ulikuwa na makombo.

Siku ya kumvisha mtu wa mti, afisa aliita mpiga picha, Mhindi mwenye duka kule barabara kuu, na sote tukavaa nguo za sikukuu. Seremala alikuwa amemtengenezea mtu wake mikono iliyoning'inia. Tukamvika koti, mkanda na tarbushi. Afisa akarudi nyuma, akamtazama, akakunja uso. Akaugusa mkono wa koti kwa fimbo yake.

"Pasi hii mbaya," alisema. "Mstari hapana nyooka. Piga tena."

"Hapana, bwana."

Tulilisema pamoja, mimi na yule wa Busia, kwa pumzi moja. Watu wote chumbani waligeuka. Tulitazamana, na nadhani kila mmoja alikuwa na hasira kwamba mwenzake anajua. Yeye alikuwa karibu zaidi na mti. Akaushika mkono wa koti, uliokuwa mrefu kupita ule wa mti, akauinua polepole mpaka ncha ikagusa tarbushi. Mstari ukajizungusha, ukanyooka kutoka begani hadi mwisho. Mzee mmoja kutoka Mella, aliyewahi kuwa gwaride moja na mume wetu, alisimama wima bila kuambiwa.

Afisa alishusha fimbo yake. Kisha akamwita seremala, wakazungumza, seremala akautoa mkono wa kulia wa mti na kuupigilia upya ukiwa umeinuliwa. Basi sajini wetu akasimama pale konani anapiga saluti, na ndivyo atakavyokaa.

Afisa alikuwa na furaha. Akasema picha ipigwe, sajini na mke wake, itiwe kwenye kioo na itundikwe ukutani. Akauliza mke ni nani. Koplo akamwambia wako wawili. Afisa akafikiri kidogo, akasema basi ni haki asimame mke mkubwa.

Nilirekebisha mtandio wangu. Namshukuru Mungu kwamba nilipata angalau muda huo wa kurekebisha mtandio. Nikapiga hatua mbele, na yeye alikuwa nyuma yangu, na afisa akapeleka macho yake juu ya kichwa changu kama mtu anayetazama juu ya ua.

"Ndiyo," alisema, akacheka. "Huyu mkubwa kweli." Na akamwelekezea fimbo yule wa Busia.

Koplo wa Mulanda alikohoa. Alikuwa mtu wa haki, akajaribu. "Bwana, hapana. Mkubwa ni ile dogo."

"Nini?"

"Mkubwa, ni huyu mdogo. Na huyu mkubwa, yeye ndiyo mdogo."

Wazee walianza kuangalia dari. Afisa alimtazama koplo kwa upole, akampigapiga bega, akamwambia jua ni kali, akapumzike kivulini. Mhindi alikuwa ameshajifunika kitambaa chake cheusi na alikuwa akilalamika kuhusu mwanga. Yule wa Busia alisikia yote. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha afisa na cha koplo, na pengine kuliko changu. Neno moja tu lingetosha, au hata hatua moja ya kurudi nyuma. Alinitazama, akaweka mikono yake mbele, akaenda akasimama kando ya koti.

Picha ikapigwa. Nilitoka nje kabla mashine haijalia.

Nilimngoja kwenye barabara ya kwenda Busia, pale malori ya mizigo yalipochukua abiria. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote, machafu kwa safi, na nilikuwa nimeamua kwamba kesho yake nitakwenda kwa afisa na kadhi na cheti cha ndoa na akina mama wote wa laini kushuhudia, na picha ile itashushwa. Alipotokea, maneno yote yalinikimbia likabaki moja, lile lililokuwa likinila tangu siku ya kwanza.

"Hii mstari," nilimwambia, "wewe alikuonyesha namna gani? Alikusimamia? Alikupigia saluti?"

Aliweka bunda lake chini.

"Alileta shati ulilopiga pasi wewe," alisema. "Akaniambia, fanya kama mkubwa anavyofanya. Nikapima mstari wako kwa uzi. Nilikosea, akaleta lingine. Nikakosea tena. Kila koti, dada, kila koti nilikuwa napima mkono wako. Nikamwambia, basi simama nione, inua mkono. Akasema hapana. Akasema hiyo ni ya Tororo."

Lori lilikuja, likapakia watu, likaondoka, na hakupanda.

"Mimi hakunipigia saluti hata siku moja," alisema. "Leo amenipigia. Nilikuwa mdogo kwake mpaka nikamzika. Picha hiyo niachie."

Ningependa kusema kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilisimama pale nikimtazama kwa chini, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa katika chumba chake kule mpakani, mwanamke mkubwa hivyo, ameinamia shati la mwenzake na kipande cha uzi, na mwanaume amekaa kitandani anamwambia bado. Nilifurahi. Hilo ndilo nililoliona kwanza, furaha, tamu kabisa. Alikataa. Alisema ni ya Tororo. Halafu furaha ikaniwasha, kwa sababu nilielewa kwamba miaka yote niliyokuwa nikimwonea wivu Busia, Busia ilikuwa ikinionea wivu mimi, na mwenye kustarehe kati yetu alikuwa mmoja tu, na alikuwa kaburini na nguo zake zimenyooka.

Nilimwambia lori lingine litakuja. Nikasubiri naye mpaka likaja, nikamwinulia bunda lake ingawa sikufika juu ya bodi na ilimbidi alichukue mwenyewe.

Kwa afisa sikwenda. Picha ilitundikwa karibu na dirisha, na chini yake wakaandika kwa wino mzuri kwamba huyu ni mke mkubwa wa sajini. Wageni waliingia, wakamtazama sajini wa mti, wakaitazama picha, wakasema kumbe mkewe alikuwa pandikizi la mtu, na mimi nilikuwa pale pale na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, wakaniomba niwapishe. Koplo aliniuliza kwa nini sisemi. Nikamwambia nimechoka kubishana kuhusu urefu.

Yeye alikuja Alhamisi nyingine chache, na alipoingia aliitazama picha kwanza kabla ya kunisalimu. Sikuweza kuzoea kumwona akiitazama. Kisha akaacha kuja, na baadaye nikasikia kwamba amekufa, na safari hiyo mto haukunizuia. Nilifika kabla hajaoshwa.

Nilibaki kujitolea katika chumba kile hadi bendera ikabadilishwa na baada ya hapo. Kazi yangu ilikuwa vioo. Kila Alhamisi nilipanda kigoda changu, nikafika kwenye picha ile, na nilianza na koti. Nililifuta bega, nikaufuata mstari hadi kwenye tarbushi, taratibu, nikarudia. Uso wa yule wa Busia niliuacha mwisho, na mara nyingi muda uliisha kabla sijaufikia.